Balungi Juu ya Boneti

Noreen Tupholme hakuwahi kudanganywa na gari hata siku moja maishani mwake. Alipenda kulisema hilo mbele za watu, hasa wanaume, na lilikuwa kweli tupu, maana gari halina mdomo. Waliomdanganya ni wauzaji. Wa mwisho wao alimuuzia kigari cha rangi ya maziwa, naye akakichagua kwa sababu kilifanana na mapazia ya sebuleni. Alikizunguka mara mbili, akapiga tairi teke kama alivyoona wanaume wakifanya, akaumia kidole gumba, akalipa. Alipofika nyumbani na kusimama pua kwa pua na ukuta wa jirani ndipo alipogundua kwamba kigari hakina gia ya kurudi nyuma. Kwa miaka miwili, kila akitaka kugeuza, ilimlazimu azunguke mtaa mzima, na majirani wakadhani ana marafiki wengi wa kuwatembelea.

Basi ni mwanamke huyohuyo, sasa ana miaka sabini na minne, aliyeshuka kwenye basi njia panda nje ya mji mdogo wa Holbeach, Uingereza, Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, mkoba kwapani, akienda kukagua gari ambalo hata halijawa gari.

Tangazo alilikuta kwenye dirisha la duka la magazeti, limeandikwa kwa herufi kubwa: GARI LA KUJIUNDIA, MFANO WA GARI LA MASHINDANO LA MIAKA YA SITINI. IMEBAKI KAZI YA WIKIENDI MOJA. Mwanamke yeyote wa mkoa huo wa Lincolnshire aliyewahi kuolewa na mwenye gereji nyumbani anayajua maneno hayo. Kampuni inakuletea fremu, bodi ya faiba na makasha ya vyuma. Wewe unatafuta gari kuukuu lililogongwa, unalichomoa injini na chochote kinachofaa, kisha unajifungia gerejini. Ukitoka na gari, watu wanakuheshimu. Wengi hutoka na mvi. Na hiyo wikiendi moja, hakuna anayekwambia ni ya mwaka gani.

Noreen aliyajua haya kwa sababu mumewe, Desmond, alikuwa nalo lake. Miaka kumi na mmoja iliyopita gari hilo lilianza gerejini, likaingia jikoni, likapanda ghorofani. Kabureta ilioga kwenye beseni la vyombo. Bomba la moshi lililala kitanda cha wageni mpaka dada yake Noreen akakosa pa kulala siku ya Krismasi. Siku aliyokuta giaboksi ndani ya bafu, imefunikwa taulo lake, Noreen alisema, "Desmond, chagua. Ama mimi ama hilo."

Desmond alifikiri. Hapo ndipo palipomuuma Noreen; alifikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akaliuza, wala hakunung'unika. Akaanza kwenda kuviringisha mipira nyasini na wastaafu wenzake kila Jumanne na kila Alhamisi, na Noreen akawa anamfungia mikate ya jibini na kumshukuru Mungu kwa kumpa mume msikivu.

Mwezi wa Januari daktari wa macho aliwakalisha wote wawili. Macho ya Desmond yalikuwa yanafifia katikati, kama picha iliyosuguliwa kwa kidole. Pembeni anaona, mbele ukungu. Alikuwa bado ana ruhusa ya kuendesha, lakini apimwe tena Septemba. Daktari alivyolitamka hilo neno "Septemba", taratibu na kwa adabu, hawakuwa na haja ya kuuliza. Desmond alisema tu, "Basi itabidi unifundishe ratiba ya mabasi."

Tangu siku hiyo Noreen hakupata raha. Mume wake alitaka gari moja tu maisha yake yote, na yeye ndiye aliyemnyang'anya. Sasa umebaki kiangazi kimoja. Alitaka kumtafutia lingine la aina ileile, Desmond akae nyuma ya usukani hata mara moja, ashike barabara ya pwani ya Skegness, upepo unampiga utosini pale palipokuwa na nywele. Baada ya hapo, Septemba ije.

Tena iwe siri. Kwa wiki tatu alimchimba mumewe mezani.

"Desmond, hivi mtu akitaka kujua fremu kama imepinda, anafanyaje?"

"Anapima kamba kutoka pembe hii kwenda ile, kisha anageuza. Kwa nini?"

"Wameuliza redioni. Chemsha bongo."

"Chemsha bongo gani hiyo?"

"Kula yai lako."

Kilichomkaa zaidi kichwani ni habari ya mkaguzi wa serikali. Gari la kujiundia haliingii barabarani mpaka mkaguzi alipitie, na moja ya kazi zake ni kuviringisha mpira juu ya bodi. Popote mpira unapokutana na ukingo mkali, gari limefeli, hata kama injini inaimba.

"Mpira mkubwa kiasi gani?" Noreen aliuliza.

"Kama hili," Desmond akajibu, akiinua balungi lake la asubuhi, maana hakuna asubuhi ambayo Desmond alikula bila balungi.

Kwa hiyo Alhamisi ile, Desmond alipokuwa amekwenda kwenye mipira yake, Noreen alikuwa na balungi mkobani. Kwa mumewe alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutengeneza nywele mjini Spalding. Kwa muuzaji alikuwa amejitambulisha kwenye simu kwamba yeye ni Bi Harriet Pinder. Alijiona mjanja mpaka akajicheka peke yake kituoni.

Muuzaji aliitwa Royston Speechley, mwanamume aliyekaribia uzee, mrefu kama nguzo ya simu, sweta limetoboka viwiko. Alimpokea langoni akiwa ameduwaa. Nyuma yake kulikuwa na ghala la viazi lenye mlango wazi, na Noreen alipokanyaga kizingiti, kreti moja lilianguka huko ndani kwa kishindo.

"Una panya?" Noreen akauliza.

"Kuku," akasema Royston.

"Lazima ni kuku wa haja."

"Wamelishwa vizuri, mama."

Gari lilikuwa katikati ya ghala, limepandishwa juu ya vigingi vinne. Rangi yake kijani kibichi, pua ndefu, taa mbili za duara, halina viti, halina kioo cha mbele. Nyuma yake makreti ya viazi yalipangwa hadi karibu na paa. Noreen alisahau kwa dakika nzima kwamba amekuja kununua. Lilikuwa zuri. Lile la Desmond alilikumbuka jeupe, tena alilikumbuka vibaya, kwa sababu muda wote alikuwa akianikia nguo juu yake.

Akajikaza. Wanaume wa huko, wakitaka kumtisha muuzaji, hawasemi neno. Husimama mbele ya gari na kuvuta hewa kwa meno, polepole, kama waliochomwa na supu, na muuzaji huanza kushusha bei mwenyewe. Noreen akasimama, akavuta. Meno yake ya bandia yakapiga mluzi. Mbwa akaja mbio kutoka uani, akaketi mbele yake, akasubiri amri.

"Mbwa mzuri," akasema Noreen, kama kwamba ndivyo alivyokusudia.

Akatoa orodha yake, iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya sokoni, hivyo kila alipogeuza vibaya alisoma vitunguu.

"Breki za nyuma zimetoka gari gani?"

"Breki?" Royston akakuna shingo. "Zimetoka gari moja hivi."

"Gari lipi?"

"La kawaida."

"Bwana Speechley, hili gari umeliunda wewe au umeliokota?"

"Mimi! Mimi mwenyewe, tangu nati ya kwanza. Subiri kidogo nikaangalie kuku."

Akapotea nyuma ya makreti. Noreen akasikia mnong'ono. Akafikiri, maskini, mtu akiishi peke yake mwisho huzungumza na kuku. Royston akarudi, kifua mbele.

"Zimetoka kwenye gari la familia la mwaka themanini na nane. Mitungi ya breki imebadilishwa yote, mabomba ni ya shaba, na kila kitu kimetulia kama bibi harusi."

"Hee! Mume wangu naye husema hivyohivyo, kimetulia kama bibi harusi."

Royston akakohoa. Noreen hakulijali, aliona tu kwamba wanaume wa magari wote wamesoma shule moja.

Ikawa ndiyo kawaida. Anauliza, Royston anakwenda kuangalia kuku, anarudi na jibu. Waya zimepitia wapi? Kuku. Fremu imepigwa rangi ya kuzuia kutu mara ngapi? Kuku. Kwa nini usukani umelazwa chini kiasi hicho? Hapo kuku walichelewa kidogo, kisha jibu likaja kwamba mwenye gari ana miguu mifupi. Noreen akamtazama Royston kuanzia kwenye viatu kwenda juu. Safari ilikuwa ndefu.

"Wewe una miguu mifupi?"

"Nikikaa," akasema Royston.

Kisha Noreen akafungua mkoba, akatoa balungi.

Alilianzisha kwenye pua ya gari na kuliviringisha kwa viganja viwili, ulimi nje, macho yamefinywa, kwa makini ya mkaguzi anayelipwa. Balungi lilipita boneti bila shida. Lilipita taa. Lilipita milango yote miwili. Royston alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni, kama mtu anayesindikiza jeneza. Kwenye kishikio cha kioo cha pembeni, upande wa kulia, balungi likasita. Noreen akalirudisha, likasita tena, na ganda likachanika uzi mwembamba.

"Hapa!" akapiga kelele. "Hapa limefeli!"

"Mimi sioni kitu," akasema Royston.

"Siyo kazi ya macho, ni kazi ya balungi. Pitisha kidole."

Royston akapitisha kidole, akakitoa haraka na kukinyonya. Nyuma ya makreti kuku mmoja akaguna.

Sasa Noreen alikuwa amepandwa na mori kabisa. Angekagua hata ndege. Akaliacha balungi juu ya boneti, akafungua buti, akainama. Sakafu ya buti ilikuwa ya faiba iliyolazwa kwa mikono nyumbani, na katikati yake palikuwa na mabonde mawili ya duara, pembeni kwa pembeni, yenye mistari midogomidogo kama ya kitambaa.

"Na haya ni nini?"

"Hayo," Royston akasema, "ni ya kuongeza nguvu."

"Ya kuongeza nguvu?"

"Utaalamu wa kisasa, mama. Hewa inazunguka."

"Bwana Speechley, mimi nimeolewa miaka arobaini na tisa na nimelea watoto watatu. Haya ni makalio."

"Samahani?"

"Ni makalio ya mtu. Kuna mwanamke kakaa hapa gundi ikiwa mbichi. Tena siyo kidogo, huyu kashiba. Tazama upana huu! Jamani, mtu mzima ovyo, anaingia kwenye kazi za watu na kukaa kama yuko bustanini. Hakuona? Ni mjinga gani huyo?"

Royston alikuwa mwekundu mpaka masikioni, midomo imekazwa. Noreen, akiwa bado anacheka, akaingiza mkono kwenye bonde la kulia kupima kina chake. Vidole vikapita kwenye mistari ya kitambaa. Ilikuwa imekaa mfano wa mifupa ya samaki. Ukingoni mwa bonde vikakuta alama ya duara ndogo yenye matundu manne. Kifungo.

Akaacha kucheka.

Aliwahi kuwa na sketi ya sufu ya kufumwa hivyo, yenye kifungo nyuma. Siku moja alimpelekea Desmond chai gerejini, akaona kitu kama benchi, akashukuru, akakaa. Desmond alimng'oa kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Sketi ilibaki nusu. Alimwapisha mumewe asimwambie mtu mpaka kaburini, na kwa dada yake akasingizia kwamba nondo wameitafuna.

Polepole akanyoosha mgongo. Kwenye benchi la kazi kulikuwa na kopo la keki la duara, lenye picha ya kanisa lenye theluji. Akalifungua. Ndani kulikuwa na nati zilizogawanywa kwenye vibahasha, na kila kibahasha kimeandikwa kwa mwandiko wa kulala upande, mwandiko wake mwenyewe wa zamani: KUBWA. NDOGO. SIJUI. Kopo hilo alikuwa amemtuhumu wifi yake Avril kwamba kaliiba, na walinuniana miaka miwili.

Basi hili ndilo. Siyo la aina ileile. Ni lenyewe, limepakwa kijani. Desmond alimuuzia huyu mtu mrefu kama nguzo, naye sasa anasimama hapa akijisifu kaliunda tangu nati ya kwanza! Noreen alitaka kumpasulia, lakini moyo wake ulikuwa unaruka kwa furaha nyingine, akaamua kumla polepole.

"Kwa hiyo umeliunda lote wewe."

"Lote."

"Na uandikaji huu wa vibahasha?"

"Ni wangu pia."

"Una mwandiko mzuri wa kike, Bwana Speechley."

"Mama yangu alinifundisha."

"Sasa nieleze jambo moja. Mtu aliyefunga kila nati namna hii, akang'arisha mpaka mahali ambapo hakuna atakayeona, kwa nini hajaweka viti? Viti ni nati nane. Hii ni kazi ya asubuhi moja."

Royston akaenda kwa kuku. Safari hii alikaa sana. Mnong'ono ulipanda ukashuka. Aliporudi hakuwa na kifua mbele.

"Likikamilika," akasema, "itabidi liende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Nyumba si ile pale?"

"Ndiyo. Lakini nyumbani kuna mke. Kila likikaribia kwisha, anafungua kitu na kuanza upya. Dashibodi peke yake kaitoa mara nne."

"Nani anaitoa?"

"Mimi."

"Aa, kumbe unaogopa mke." Noreen akamwonea huruma. "Ni mkali?"

"Anasema siyo mkali. Anasema mke alishamwambia achague mara moja, naye hataki aulizwe tena, kwa sababu mara ya kwanza alichelewa kujibu, akauona uso wa mkewe."

Noreen hakuuliza ni nani anamsemea nani; akili yake ilikuwa kwenye huyo mke. "Mwambie mkeo kutoka kwangu kwamba ni mjinga," akasema kwa uchungu wa kweli. "Mwambie mwanamke anayemfanya mwanamume afiche gari mpaka aogope kulimaliza, huyo anastahili kukaa kwenye gundi!"

Nyuma ya makreti kuku alipiga chafya.

Noreen aliisikia, lakini wakati huo alikuwa ameshaamua, na akishaamua huwa hasikii. "Nalichukua," akasema.

"Unalichukua?"

"Nalichukua leo. Mpigie simu yeyote mwingine asije."

Royston akatazama saa yake kama mtu anayetafuta mlango. "Kuna bwana wa Peterborough anakuja saa kumi. Anataka injini tu, mengine atayatupa. Lakini mimi... yaani siwezi kusema ndiyo hivihivi. Inabidi... Mama, chai?"

Hilo ndilo wanalofanya watu wa huko wakibanwa. Nyumba ikiungua watachemsha maji kwanza. Royston akaenda kwenye kona yenye birika ya umeme, akajishughulisha na vikombe, mgongo umegeuzwa, mabega yamepanda hadi masikioni. Noreen akasimama na gari lake, akaweka kiganja juu ya boneti. Aprili hii. Amalize Mei. Mkaguzi humwita mtu baada ya miezi miwili. Basi Agosti yote ingekuwa ya Desmond.

Royston akarudi na sinia. Akaliweka juu ya kreti, akachukua kikombe chake, akampa Noreen cha maziwa.

Kikabaki cha tatu.

Noreen akakitazama. Kilikuwa cha chai nyeusi tii, mfuko wa majani umeachwa humohumo uendelee kukolea, na kijiko kimesimama ndani kama mlingoti kwa wingi wa sukari. Katika wilaya nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekunywa uchafu huo. Royston naye akakitazama, na rangi ikamtoka. Mtu wa pande zile anaweza kumficha mwenzake nyuma ya viazi kwa saa nzima, akajitwalia kazi yake yote, akamsingizia kuku. Lakini kuchemsha maji halafu amnyime kikombe aliyemo ndani, mkono haukubali.

"Unamsubiri mtu?" Noreen akauliza.

"Hapana. Mimi hunywa viwili."

"Aina mbili?"

"Kwa zamu."

Noreen akageukia makreti. Hakupandisha sauti. "Desmond, chai yako inapoa."

Mbwa akatingisha mkia kuelekea nyuma ya makreti, msaliti.

"Hakuna mtu huko, mama," akasema Royston kwa sauti ndogo.

"Basi hii nitaimwaga."

"Usiimwage," makreti yakasema.

Desmond akatoka kwa upande, kwanza bega, halafu tumbo, akiwa amevaa ovaroli ambayo Noreen hakuwahi kuifua. Utando wa buibui ulikuwa umemkaa kichwani kama kofia. Alichukua kikombe chake, akanywa, akasubiri.

"Ulikuwa kwenye mipira," Noreen akasema.

"Uwanja umejaa maji."

"Miaka kumi na mmoja?"

"Huku ni tambarare, Noreen. Maji hayaondoki upesi."

"Na mikate yangu ya jibini?"

"Hiyo nilikula," Desmond akasema haraka. "Yote. Mungu shahidi."

"Ni kweli," akaongeza Royston. "Mingine nilimsaidia."

"Wewe nyamaza, kuku." Noreen akamrudia mumewe. "Hukuliuza."

"Nilimuuzia Royston."

"Kwa bei gani?"

"Kwa viazi," Royston akasema. "Gunia moja. Nilimpa mimi."

Noreen alilikumbuka gunia lile; viazi vilikuwa vitamu sana. Akataka kukasirika, lakini hasira ilikuwa imeketi mahali na haikutaka kuinuka. "Sasa kwa nini unaliuza?"

Desmond akageuza kichwa kidogo upande, kama anavyofanya siku hizi akitaka kumwona mtu vizuri. "Kwa sababu ya Septemba," akasema. "Sikutaka siku moja uje uambiwe na mtu baki kwamba kuna kitu changu kinaozea kwenye ghala la viazi. Bora liondoke."

"Mimi nimekuja kulinunua kwa sababu ya Septemba."

Royston akaona ni wakati mzuri wa kwenda kweli kuangalia kuku, maana kuku walikuwapo, ila uani.

"Imebaki nini?" Noreen akauliza mwishowe.

"Viti. Kioo cha mbele, waipa. Na ule ukingo wa kioo cha pembeni." Desmond akashusha kikombe. "Ule sikuujua. Nimepita pale mara mia, sikuuona."

"Nitaona mimi. Wewe utashika spana, mimi nitashika balungi. Wikiendi moja?"

"Sita."

"Nilijua. Royston!" akaita uani. "Mpigie huyo wa Peterborough, mwambie injini imeolewa!"

Halafu, kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwisha salama, ndipo hasira ikakubali kuinuka. Noreen akaweka mikono kiunoni. "Lakini miaka kumi na mmoja, Desmond! Jumanne na Alhamisi! Unanitazama machoni unaniambia umeshinda mchezo! Mimi katika ndoa hii sijawahi kukuficha hata punje. Nikienda mahali, nakwambia ninapokwenda. Nikirudi, nakwambia nilikotoka. Ndivyo watu waaminifu wanavyoishi."

Desmond alipapasa boneti mpaka mkono wake ukakuta balungi. Akalinyanyua, akalinusa, akapitisha kidole kwenye ganda lililochanika. Kisha akamsogelea mkewe, akainamisha kichwa upande, akazichunguza nywele zake kwa muda, za mbele, za nyuma, na zile za pembeni zilizotawanywa na upepo wa kituo cha basi.

"Noreen," akasema, "huko kwa msusi Spalding, siku hizi wanawaosha nywele kwa balungi langu?"